Baraza la Kata limetoa "hukumu" ya shamba la marehemu baba. Je, ina nguvu?

"Shikamoo mwanasheria. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tandahimba. Baba yetu alifariki 2019, akaacha shamba la mikorosho sitini na kitu. Tangu hapo mimi na mama ndio tunaolipalilia na kulipulizia dawa. Mwaka huu mtoto wa shangazi ameibuka anasema shamba ni lake, kwa kuwa kwa mila yetu mpwa ndiye anayemrithi mjomba. Alitupeleka Baraza la Kata. Tulikaa vikao viwili, na mwenyekiti wa kijiji chetu naye alikaa mezani na wajumbe. Mwezi wa tano nikapewa karatasi yenye muhuri, imeandikwa HUKUMU: shamba ni la mtoto wa shangazi, na mimi nimlipe gharama shilingi 180,000. Katibu wa baraza ananipigia simu, anasema fedha nizipeleke kwake na nisipolipa nitalala ndani. Kuna daftari nilisaini, sikulisoma. Watu wananiambia nikate rufaa kwa hakimu wa Mahakama ya Mwanzo kwa sababu ndiye bosi wao. Hivi baraza hili linaendeshwa na nani? Nifanye nini, maana korosho zinakaribia kudondoka?"

Marahaba, mama. Pole kwa msiba wa baba, na pole kwa haya yaliyokuja baada yake. Umeniuliza mambo matatu kwa pamoja: shamba ni la nani, karatasi hiyo ina nguvu gani, na waliokaa mezani wanawajibika kwa nani. Naanza na karatasi, kwa sababu ndiyo inayokunyima usingizi.

Baraza la Kata halina tena mamlaka ya kuamua ardhi ni ya nani. Zamani lilikuwa nayo. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya 2002, ambayo leo ni Sura ya 216, ililiruhusu kuamua mgogoro wa ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni tatu. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho kwa Sheria Na. 5 ya mwaka huo, na tangu Oktoba 2021 uwezo huo umeondolewa. Kilichobaki ni usuluhishi. Wajumbe wanawakalisha, wanawasikiliza, wanawasaidia mpatane wenyewe. Mkipatana, wanaandika mlichokubaliana. Mkishindwa, wanatoa cheti kwamba usuluhishi umeshindikana, na kazi yao inaishia hapo.

Kwa hiyo karatasi yenye neno HUKUMU inayosema shamba ni la fulani ni kitu ambacho baraza halikuwa na uwezo wa kukitoa, hata kama wajumbe wote walikuwa na nia njema na muhuri ni halisi. Vivyo hivyo na amri ya kukulipisha gharama. Na hili la kulala ndani lisikutishe. Baraza la Kata halina mahabusu wala halimfungi mtu kwa mgogoro wa ardhi. Madai ya shamba ni madai, si jinai. Litageuka kuwa jinai endapo mmoja wenu atakata mikorosho, kuchoma shamba au kumpiga mwenzake, na hapo ndipo ninapokuomba uwe mwangalifu sana, wewe na wadogo zako, hata akiwachokoza.

Sina haja ya kuwadhania vibaya wajumbe hao. Nimefika kwenye ofisi nyingi za kata, kuanzia pwani ya Lindi hadi huku uwanda wa Makonde, na ninachokikuta kinafanana: meza moja, mabenchi mawili, kaunta buku lililochakaa kona, na muhuri umefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Wajumbe ni wakulima kama wewe, wameacha palizi ili waje wasikilize ugomvi wa watu. Wengi walifundishwa kazi hii kabla ya 2021 au walirithi mtindo wa waliowatangulia, na hawajawahi kuishika sheria mpya mikononi. Wanaendelea kuandika hukumu kwa sababu ndivyo walivyokuta ikifanyika. Hilo linaeleza kosa, ila halilifanyi kuwa halali, na wewe hupaswi kulilipia.

Sasa bosi wao ni nani? Hapa ndipo wengi wanapopotea, na wakipotea hapa wanapeleka malalamiko mlango usio wake, wanarudishwa, na miezi inakwenda.

Kwetu kuna nyumba tatu zinazogusa haki ya mwananchi wa kijijini, na kila moja ina mwenyewe. Ya kwanza ni Mahakama ya Mwanzo. Hiyo ni mahakama kamili, ina hakimu aliyeajiriwa, iko ndani ya mhimili wa Mahakama, na kwa mikoa yetu ya Mtwara na Lindi iko chini ya Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara. Hakimu akikosa maadili, ipo Kamati ya Maadili ya Maafisa Mahakama ya wilaya, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya 2011. Lakini hakimu huyo hasikilizi kesi ya umiliki wa shamba, na Baraza la Kata haliko chini yake. Waliokuambia ukate rufaa kwake walikuwa na nia ya kukusaidia, ila wangekupotezea nauli.

Nyumba ya pili ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hili lina mwenyekiti mwanasheria, na sheria ya 2002 ililiweka upande wa wizara ya ardhi. Ndilo lenye uwezo wa kusikiliza na kuamua shamba lako ni la nani. Asiyeridhika na uamuzi wake anakwenda Mahakama Kuu ndani ya siku 45.

Ya tatu ndiyo uliyokutana nayo, Baraza la Kata. Liliundwa kwa Sheria ya Mabaraza ya Kata Na. 7 ya 1985, na linaendeshwa kupitia serikali za mitaa. Wajumbe wanachaguliwa na Kamati ya Maendeleo ya Kata kutoka miongoni mwa wakazi wa kata. Hawapungui wanne, hawazidi wanane, na kwa mambo ya ardhi watatu kati yao lazima wawe wanawake. Katibu anateuliwa na halmashauri baada ya kupendekezwa na kamati hiyo ya kata. Kwa hiyo mwenye jukumu la kulisimamia ni halmashauri, na malalamiko yako kuhusu mwenendo wa katibu au mjumbe yanakwenda kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri yenu, kwa barua, nakala ikibaki kwako imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Sheria ya 1985 inataja pia watu wasioruhusiwa kuwa wajumbe, na hili linagusa kikao chako moja kwa moja. Mbunge haruhusiwi, mjumbe wa halmashauri ya kijiji haruhusiwi, mjumbe wa Kamati ya Maendeleo ya Kata haruhusiwi, na hata mwanasheria kama mimi haruhusiwi. Sababu yake inaeleweka: anayetawala kijiji asije akakaa kuamua ugomvi wa anaowatawala, maana kesho atawaomba kura. Mwenyekiti wako wa kijiji anaingia kwenye kundi hilo. Angeweza kuitwa kama shahidi, akaeleza mipaka anavyoijua, kisha akatoka. Kukaa kwake mezani ni kasoro kubwa.

Katibu naye si mjumbe. Kazi yake ni kuandika, kuita watu, kutunza kumbukumbu. Kikao chenyewe cha usuluhishi kinapaswa kuwa na wajumbe watatu, angalau mmoja awe mwanamke. Hebu chukua karatasi yako sasa hivi uitazame. Je, majina ya wajumbe waliokaa yameandikwa? Inaonekana nani ni mwanamke na nani mwanaume? Jina la katibu liko upande wa walioandika au limechanganywa na la wajumbe? Mahakama Kuu imefuta mashauri mengi ya mabaraza haya kwa sababu ya mambo ambayo mtu wa kawaida angeyaona madogo: akidi (idadi ya wajumbe inayotakiwa) haionekani, majina hayapo, katibu ametajwa kama mjumbe. Mimi nimewahi kushika jalada la mgogoro uliokuwa umekwenda miaka minne, ukarudi mwanzo kabisa kwa sababu ukurasa wa kwanza haukuonyesha nani alikaa. Pande zote mbili zililia siku hiyo.

Kuhusu fedha: usimpe katibu hata shilingi moja mkononi. Fedha halali ya serikali ina namba ya malipo na risiti ya halmashauri. Posho za wajumbe zinapaswa kutoka halmashauri, na ukweli unaouma ni kwamba katika kata nyingi hazifiki, au zinafika kwa kuchelewa sana, ndipo watu wanaanza kuwachangisha wenye mgogoro "nauli ya wajumbe" na "fedha ya karatasi". Nawaonea huruma wajumbe wanaotoka saa kumi na mbili asubuhi bila hata nauli. Lakini anayeumizwa na mfumo huo unakuwa wewe, kwa sababu mwenye kutoa zaidi ndiye anayeanza kusikilizwa. Akikupigia tena, mjibu kwa heshima: "Naomba namba ya malipo ya halmashauri na maandishi yanayoonyesha kifungu cha sheria." Andika tarehe na saa ya kila simu. Vitisho vikiendelea, TAKUKURU, wanaopambana na rushwa, wana ofisi wilayani na simu yao ya bure ni 113.

Lile daftari ulilosaini ndilo linalonipa wasiwasi kuliko karatasi ya hukumu. Huenda ni mahudhurio tu. Lakini ikitokea ulisaini chini ya maneno "tumekubaliana", mwenzako ataliinua na kusema mlipatana. Kwa hiyo nenda mwenyewe na mtu mzima mmoja unayemwamini, uombe kwa barua nakala ya mwenendo, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa, wa vikao vyote viwili. Una haki ya kuipata. Ukikuta kuna maneno ya makubaliano ambayo hukuyatoa, usigombane pale pale. Chukua nakala, nyamaza, uilete kwa mwanasheria.

Sasa tuje kwenye shamba lenyewe, na hapa nitakuambia hata usiyopenda kusikia.

Mtoto wa shangazi hasemi jambo la kutunga. Kwa Wamakonde, na kwa majirani zetu Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo ulihesabiwa kwa mama, na mpwa kumrithi mjomba lilikuwa jambo la kawaida. Kama ardhi ile ilikuwa ya ukoo wa bibi mzaa baba, na baba alipewa alime tu kwa kuwa ni kijana wa ukoo huo, basi mpwa ana hoja ambayo baraza la wilaya litaisikiliza. Ila kama baba alifyeka pori mwenyewe, au alinunua, au aligawiwa na kijiji, ukoo hauna cha kudai pale. Na wazee wengi huku wanatenganisha ardhi na mti: mkorosho ni wa aliyeupanda. Ndiyo maana swali utakaloulizwa ni la historia. Nani alifyeka, mwaka gani, nani alipanda, jirani wa upande wa mashariki alikuwa nani.

Lipo jambo lingine upande wako. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kifungu cha 20, inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Kwa hiyo mtu akisimama akasema "huyu ni mwanamke, hana haki na shamba", hoja hiyo peke yake haina miguu. Lakini usiitegemee iwe kila kitu. Hoja ya "ardhi hii ni ya ukoo wetu" ni tofauti na hoja ya "wewe ni mwanamke", na unahitaji ushahidi wa kuijibu.

Kabla ya kugusa baraza lolote la wilaya, kuna hatua ambayo nadhani hakuna aliyekuambia. Shamba bado ni la marehemu. Wewe kama mtoto huwezi kusimama mwenyewe kulidai kwa jina lako. Anayesimama kwa niaba ya mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi. Kesi nyingi nzuri zimetupwa nje kwa sababu hiyo tu. Na hapa ndipo Mahakama ya Mwanzo inapoingia: hakimu huyo huyo ambaye hana uwezo juu ya shamba ndiye mwenye uwezo wa kuteua msimamizi, kwa mtu aliyeishi kwa mila au kwa taratibu za Kiislamu. Kaeni familia, mama yenu akiwepo, mpendekeze mtu mmoja mwaminifu, mwandike muhtasari, mchukue cheti cha kifo, muende. Sheria haisemi ni lazima msimamizi atoke upande wa wanaume. Mtoto wa shangazi anaweza kuweka pingamizi. Mwacheni aweke, lisikilizwe. Msimamizi akishateuliwa akumbuke kwamba hajawa mmiliki. Anakusanya, analipa madeni, anagawa, anarudisha hesabu mahakamani.

Muda unao, ila usiuchezee. Madai ya kurejesha ardhi yana ukomo wa miaka 12, na kwa mali ya marehemu kwa kawaida inahesabiwa tangu alipofariki. Kwenu ni hadi 2031. Wapo waliokaa wakisubiri wazee wapatane hadi ukomo ukawapita.

Msimamizi akipatikana, mna njia tatu. Ya kwanza ni kumrudia mtoto wa shangazi na kupatana. Usinielewe vibaya, sikuambii umpe shamba. Ninajua familia moja ya Newala iliyogawana kwa mistari ya mikorosho: iliyopandwa na marehemu ikaenda kwa watoto, kipande cha kando kilichokuwa cha bibi kikarudi upande wa ukoo, na leo wanaazimana pampu ya dawa. Kesi ya baraza la wilaya inaweza kupita misimu miwili na kula fedha kuliko korosho za mwaka mmoja. Mkipatana, andikeni mipaka kwa kutaja miti, njia na majirani, kila upande ubaki na nakala, na mashahidi wawe wa pande zote.

Ya pili ni kuomba cheti cha kushindikana kwa usuluhishi, ukaenda nacho wilayani. Ya tatu ni kwenda bila cheti: sheria ya 2021 inasema Baraza la Kata likishindwa kusuluhisha ndani ya siku 30 tangu shauri lifunguliwe, anayelalamika anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba bila cheti hicho. Kwako siku hizo zimepita. Bado ningependa uombe cheti kwa barua, kwa sababu kukataliwa kwa maandishi nako ni ushahidi, lakini msikwame kwa kukisubiri. Karatasi ya "hukumu" iambatanishwe kwenye maombi, na mweleze wazi kwamba ilitolewa bila mamlaka. Huko wilayani wakili anaruhusiwa, tofauti na kwenye kata, na hata ndugu au mtu wa kaya yako anaweza kukuwakilisha.

Kuhusu korosho za msimu huu, hapa ndipo unapohitaji mtu wa kukaa naye ana kwa ana, na usichelewe. Mwombe akuandalie maombi ya zuio la muda, yaani amri ya kumzuia mwenzako asiguse korosho hadi shauri liamuliwe, pamoja na hati ya kiapo, chini ya hati ya dharura, yafunguliwe pamoja na shauri lenyewe. Bila amri, mtoto wa shangazi akiokota korosho na kuzipeleka AMCOS, chama cha ushirika cha msingi, kwa jina lake, chama kitazipima, zitaingia ghalani, zitapigwa mnada, na fedha itaingia kwenye akaunti yake. Chama hakitazuia malipo ya mtu kwa maneno ya mdomo. Kikiletewa amri ya Baraza la Ardhi na Nyumba, kinatii. Na kama baba alisajiliwa kama mkulima, nenda chamani ukaombe taarifa zake: jina, shamba, idadi ya mikorosho. Pia tafuta stakabadhi zake za zamani za mauzo na karatasi za mgao wa salfa, ile dawa ya mikorosho. Watu wanazitupa, kumbe ndizo zinazoonyesha nani alikuwa akilihudumia shamba miaka yote.

Kama huna fedha ya wakili, usikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria Na. 1 ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao ni bure. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yenu wakuonyeshe waliosajiliwa. Atakayekuomba fedha ili "akupeleke kwa mwenyekiti wa baraza" si msaidizi wa kisheria.

Siku ukienda kumwona mwanasheria, chukua ile karatasi ya hukumu, nakala ya mwenendo, cheti cha kifo, stakabadhi za korosho, na kumbukumbu ya simu za katibu. Na mama yako usimwache nyumbani. Yeye ndiye anayejua mkorosho wa kwanza ulipandwa mwaka gani, na nani alikuwa ameshika jembe.